UZI: Warsha ya kufikiri kwa michoro na mawasiliano ya biashara, watu 24, siku moja, Kisumu. Tupange

pwani_ya_ziwa

Habari zenu wadau. Kuna warsha ya siku moja inapangwa hapa Kisumu kwa wenye biashara ndogo na makarani wao. Wauzaji wa samaki kwa jumla, maseremala, duka za vifaa vya ujenzi, na wasaga unga kutoka upande wa Kakamega. Jumla watu 24. Nia ni waweze kuchora wanachofikiria na kukitumia kazini: oda, bei, maagizo kwa wafanyakazi, ombi la mkopo kwa sacco. Si darasa la sanaa.

Ukumbi una kuta tatu zilizopakwa rangi ya maji, mabati juu bila dari, pangaboi nne na meza ndefu. Projekta hakuna. Naomba ratiba, vifaa kwa idadi, na zaidi ya yote mambo yanayoharibika siku yenyewe. Bei nitaulizia madukani, nyinyi nipeni idadi.

KalamuNene

Kukosa projekta ni heri. Ikiwepo, mwezeshaji ataitumia, na kila dakika anayoonyesha slaidi ni dakika ambayo mikono ya watu imelala.

Anza mwisho: kila mtu ataondoka na karatasi gani? Ukijibu "watakuwa wamejifunza kufikiri kwa michoro", bado hujapanga. Pendekezo langu, kila biashara itoke na karatasi mbili:

1. Ramani ya oda, tangu mteja anapouliza bei hadi pesa inapoingia.
2. Ukurasa mmoja wa ujumbe utakaopelekwa kwa mtu halisi wiki hiyo hiyo: mteja, mfanyakazi, au afisa wa mikopo.

Zoezi lolote lisilosukuma mojawapo ya hizo mbili, toa.

La pili: waite wawili wawili kutoka biashara moja, mwenye mali na mtu mmoja anayeshika oda kwa mikono. Hapo una biashara 12, meza 6 za watu wanne. Mwenye mali akija peke yake atachora biashara anavyodhani inakwenda.

MezaSita

Idadi kwa hesabu hiyo ya KalamuNene:

- Maka peni nyeusi za ncha bapa, wino wa maji: 30 (24 na akiba 6).
- Maka nyekundu 6, za kijivu au njano hafifu 6. Hizi zikae kwenye boksi mpaka chai ya saa nne ipite. Ukizitoa asubuhi watu watapamba badala ya kufikiri.
- Karatasi za A1: 50. Kila biashara 3 (rasimu, safi, ya akiba) ni 36, zinazobaki ni za mwezeshaji.
- Kadi za A6: 480, yaani 40 kwa kila biashara. Usinunue zilizokatwa tayari. Manila ya saizi ya A1 inatoa kadi 32, kwa hivyo 15 zinatosha, nunua 18. Duka la kuchapisha lenye mashine ya kukatia litazimaliza haraka. Kwa mkasi utakesha.
- A4 ya gramu 80: rimu moja.
- Tepu ya karatasi, ile mafundi wa rangi huzibia kingo za madirisha: roli 6.
- Kamba ya nailoni mita 20 na vibanio vya nguo 100. Sababu inakuja.
- Vikaratasi vya kunata vya milimita 76: pakiti 6 za 100. Hivi ni vya maoni tu, si vya kazi kuu.

Biro zote zikusanywe mlangoni. Ncha nyembamba humruhusu mtu kuandika insha kwenye kadi. Ncha nene humlazimisha achague maneno matano.

mabati_na_mvua

Kwa ukumbi huo nina wasiwasi na mambo matatu.

Rangi ya maji iliyozeeka hutoa unga. Pitisha kiganja ukutani, kikitoka cheupe jua tepu itashika saa moja kisha karatasi ianguke, na unyevu wa ziwani haukusaidii. Hapo ndipo kamba na vibanio huingia: funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha kwa urefu wa mita 1.8 hivi, ning'iniza karatasi. Kupigilia misumari kwa ukumbi wa watu utalipia ukuta.

Pangaboi. Vikaratasi vya kunata na pangaboi haviwezi kukaa chumba kimoja. Nusu ya kosa ni jinsi watu wanavyovibandua: ukivuta kutoka chini kwenda juu, karatasi hupinda, na upepo ukipita huinua ule mkia. Bandua kwa upande, kutoka kushoto kwenda kulia, ibaki bapa. Hata hivyo kwa ramani ya oda tumia kadi za manila na tepu nyuma. Zinahamishika, na haziruki.

Mvua ya jioni. Wenyeji wa Kisumu hawahitaji kuambiwa, hasa Machi hadi Mei. Ikipiga kwa mabati yasiyo na dari hakuna atakayesikia maelezo yako. Kwa hivyo chochote cha kusikilizana kiwe kabla ya chakula, na baada ya saa nane watu wawe wanachora kimya, maagizo yakiwa yameandikwa ukutani tayari.

pwani_ya_ziwa

> wino wa maji

Kuna tofauti gani na zile za kawaida? Duka nyingi naona zina za "permanent" tu.

KalamuNene

Zile huwa na wino wa spiriti. Hupenya karatasi ya A1 nyepesi na kukuachia mistari kwenye ukuta wa mwenye ukumbi, halafu harufu kwa watu 24 chumbani ni kichwa kuuma. Ukikosa za maji kabisa, weka karatasi mbili mbili. Angalia pia kama kuna ubao mweupe humo. Mtu akiuandikia kwa maka ya kudumu kwa bahati mbaya, pitisha maka ya ubao mweupe juu ya maandishi yale yale na upanguse mara moja. Hutoka.

Ukubwa wa herufi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha milimita 25 angalau. Mtu wa nyuma akiwa mita 6, andika herufi za sentimita 5. Kwa A1 iliyolazwa hiyo ni mistari michache sana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

MezaSita

Pima na ukuta. A1 iliyolazwa ina upana wa sentimita 84. Acha 30 kati ya karatasi ili watu wasimame bila kukanyagana. Biashara 12 zinahitaji takriban mita 14 za ukuta au kamba, ukitoa milango na madirisha. Kama hazifiki, zinazobaki zitandazwe mezani. Usijaribu kupanga safu mbili juu na chini, safu ya chini hakuna anayeisoma.

mwalimu_wa_alama

Ratiba. Naandika saa zetu:

2:30–3:00 Kuwasili. Usiwangoje waliochelewa na usiwaadhibu waliowahi. Weka meza yenye A4 na maka, swali moja ukutani: "Chora mteja wako wa mwisho alikuuliza nini." Anayefika anachora. Saa tatu kamili unaanza na walioko.

3:00–4:00 Maumbo na alama.
4:00–4:30 Chai.
4:30–5:00 Zoezi la chai.
5:00–7:00 Ramani ya oda.
7:00–8:00 Chakula.
8:00–9:15 Ukurasa wa ujumbe.
9:15–9:45 Mtihani wa mgeni.
9:45–10:00 Picha, na kila mmoja ataje atampelekea nani ule ukurasa.

Saa ya kwanza ndiyo inayoamua siku. Mtu mzima akisikia "chora" husema hajui. Usibishane naye. Onyesha kwamba nukta, mstari, mraba, pembetatu na duara zinatosha: mraba na pembetatu ni duka, duara mbili na mstari ni bodaboda, duara juu ya kiwiliwili cha umbo la haragwe ni mtu. Mwezeshaji achore vibaya kwa makusudi. Mwezeshaji anayechora vizuri mno huwafungia watu mkono, wanakaa kumpigia makofi.

Kisha kunja A4 mara tatu, upate vyumba 8. Taja neno, toa sekunde 30, endelea: mteja, deni, kuchelewa, bei, uaminifu, stoo, risiti, mazungumzo. Dakika 4 basi. Hakuna kuandika neno lolote. Baada ya hapo kila mtu ampe jirani karatasi, jirani aandike anachoona. Alama iliyotambuliwa na watatu kati ya wanne mezani inachorwa kwenye karatasi ya A1 ya meza hiyo. Hiyo ndiyo kamusi yao ya siku nzima. "Uaminifu" huwashinda wengi, na ni vizuri iwashinde: ndipo wanapoona kwamba neno lisilochoreka mara nyingi ni neno ambalo halijafafanuliwa. Uaminifu wa nani kwa nani, unaonekana kwa kitendo gani?

ndizi_na_chungwa

Hapo kwenye alama niingize neno, kwa sababu miongozo mingi hunakiliwa kutoka ng'ambo na alama zake zote.

Taa ya balbu kwa maana ya "wazo": mchoree mama wa soko la Kibuye, atakwambia ni stima, au bili ya stima. Mfuko wenye alama ya dola: andika KSh, au chora simu na mshale, kwa sababu tangu M-Pesa ianze 2007 malipo kwa watu wengi yana umbo la simu. Bahasha kwa maana ya ujumbe: vijana watakuelewa kwa sababu ya simu, lakini kwa baadhi ya watu bahasha ni mchango wa harusi au matanga.

Halafu siasa. Nchi hii imefunzwa kusoma alama na kura. Kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005, "Ndiyo" ilipewa ndizi na "La" ikapewa chungwa, na chungwa likabaki na chama cha ODM hadi leo. Wilbaro ni ya UDA. Simba ni Ford Kenya, na ukivuka kwenda Bungoma hilo halihitaji maelezo. Jogoo ni KANU. Sasa fundi wa ujenzi akichora wilbaro kuonyesha usafirishaji wa mchanga, hajakosea, ndicho chombo anachotumia. Lakini ikitoka kwenye tangazo la bei linalobandikwa Kondele, wateja wataanza mjadala mwingine. Mwezeshaji awe na jicho la hilo, aulize tu mezani: "Mtu wa nje ataona nini hapa?"

Na rangi vile vile. Usiache rangi peke yake ibebe maana. Kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani, na hawasemi. Palipo na tatizo pawe na nyekundu pamoja na umbo, kwa mfano pembetatu.

dukakona

Omera, hii ya balbu ni kweli kabisa 😂 Swali: zoezi la chai ni nini?

mwalimu_wa_alama

Kuna zoezi maarufu la kuchora jinsi ya kubanika mkate. Hapa tumia chai ya maziwa. Kila mtu dakika 3, peke yake, bila maneno: "Chora jinsi chai inavyofika mezani." Mmoja atachora sufuria na moto. Mwingine ataanza na ng'ombe na shamba la Kericho. Mwingine atachora mteja, mhudumu na bili. Wote wamesikia swali moja.

Halafu raundi ya pili: hatua moja, kadi moja ya A6. Meza nzima ichanganye kadi zake na kuzipanga kimya kwa dakika 10. Kimya hicho kina kazi. Mwenye sauti kubwa hana nafasi, lazima asogeze kadi, na mwingine anaweza kuirudisha. Mwisho wahesabu kadi. Zikizidi 15, waziunganishe. Zikipungua 5, kuna kitu kimerukwa.

Usiliongeze dakika hata moja zaidi ya nusu saa. Ni mazoezi ya mkono kabla ya kazi yenyewe.

KalamuNene

Ramani ya oda ndiyo kiini, kwa hivyo nitaandika kwa kirefu.

Lazeni A1, chora mistari minne kuilaza, upate safu tano. Kila safu ni mhusika: mteja, mpokea oda, stoo, msafirishaji, mshika pesa. Mtu mmoja akifanya kazi mbili bado anapata safu mbili, kwa sababu mkanganyiko huwa pale anapobadilisha kofia. Muda unakwenda kushoto hadi kulia. Kadi moja, tendo moja, lianze na kitenzi: "anauliza bei", "anapima", "anafunga na barafu".

Chukua mfano wa muuzaji wa samaki wa Dunga anayeuzia hoteli ya Nakuru kilo 40 za ngege. Hoteli inatuma ujumbe wa sauti saa tatu usiku. Karani anausikiza asubuhi, anapiga simu kuuliza saizi. Bei ya ufuoni imebadilika, anapiga tena. Hoteli inasema "sawa". Sawa ya bei au ya saizi? Samaki wanafungwa, wanapanda matatu, na dereva hana namba ya mpokeaji. Hayo yote mtu akiyaeleza kwa mdomo yanasikika ni ya kawaida. Ukutani utaona mishale minne ikipanda na kushuka kati ya safu ya mteja na ya karani kabla samaki mmoja hajapimwa.

Utaratibu:

Dakika 25 za kwanza, mwenye mali na karani wachore kila mmoja ramani yake, kwa A4, bila kuangaliana. Hapa usilegeze. Wakichora pamoja tangu mwanzo, bosi atashika maka na karani atashika tepu.

Dakika 40: walinganishe na kujenga ramani moja ya kadi kwenye A1. Zilipotofautiana wasiamue nani mkweli, waweke kadi zote mbili na pembetatu nyekundu.

Dakika 20: watie nukta nyekundu kila mahali mtu anapongoja, na kila mahali habari ile ile inaulizwa mara ya pili. Wahesabu.

Dakika 35 zilizobaki: wachague sehemu moja yenye nukta nyingi. Moja. Waichore upya. Kwa mfano wetu, oda ipokewe kwa maandishi yenye vitu vinne: kilo, saizi, bei iliyokubaliwa, namba ya mpokeaji. Jibu la "sawa" lisihesabiwe mpaka mteja arudishe vyote vinne.

Yanayoharibika: (a) wanachora jinsi kazi inavyotakiwa kuwa badala ya ilivyo. Waambie wachore oda ya mwisho iliyoleta malalamiko, si oda yoyote. (b) mishale isiyo na jina. Kila mshale unaovuka safu uandikwe kinachosafiri: simu, risiti, pesa, mzigo. Mshale mtupu ni mahali pa kufichia ugomvi. (c) wanaanza kutatua kabla ya kumaliza kuchora. Wape kadi ya pembeni ya kuegesha suluhisho, warudi kazini.

mabati_na_mvua

Kwa wale watakaokwama na chanzo cha tatizo, mchoro wa mfupa wa samaki wa Kaoru Ishikawa unafaa, na Kisumu hakuna atakayeuliza mifupa inakaaje. Kichwa ni tatizo, mifupa mikubwa ni makundi ya sababu: watu, vifaa, njia ya kufanya, malighafi. Kosa la kila siku ni kuweka suluhisho kichwani. "Hatuna friji" si tatizo, ni ununuzi uliojificha. "Samaki wanafika Nakuru wamelainika" ndilo tatizo, na huenda likaishia kwenye barafu kidogo au saa ya kuondoka, friji isitajwe.

Lakini iwe ya hiari. Siku moja haibebi mbinu zaidi ya tatu.

dukakona

Na ukurasa wa ujumbe? Hapo ndipo "mawasiliano ya biashara" yanaingia, naona mmekaa sana kwenye ramani.

mwalimu_wa_alama

Kwa sababu ujumbe mbaya mara nyingi umebeba kazi isiyoeleweka. Ila ni haki yako, haya:

Kabla ya kuchora wajaze mistari mitatu tu juu ya A4. Nani atasoma? Afanye nini baada ya kusoma? Ana sekunde ngapi? Afisa wa sacco ana dakika mbili. Mteja kwenye simu ana muda wa kidole kimoja kupita. Mfanyakazi wa stoo anasoma akiwa amebeba gunia.

Kisha rasimu tatu, dakika 5 kila moja, na kila rasimu iwe tofauti kabisa: ya kwanza picha moja kubwa, ya pili hatua kwa mfululizo, ya tatu kabla na baada. Ya kwanza huwa ile iliyozoeleka, ya tatu mara nyingi ndiyo yenye kitu. Wachague moja, waikuze kwenye A1 kwa nusu saa.

Lugha ya maneno machache yatakayobaki iamuliwe kwa msomaji. Maagizo ya stoo yanaweza kuwa Kiswahili na michoro, kwa sababu vibarua wanaweza kuwa Waluo, Waluhya na Wakisii chumba kimoja. Ombi la mkopo litafuata lugha ya fomu ya sacco.

Wakiweka takwimu: nguzo zianze kwenye sifuri. Nguzo zinazoanzia 80 huonyesha ongezeko dogo kama mlima, na afisa wa mikopo akishtukia hilo hamwamini mtu tena. Duara la vipande lisizidi vipande vinne.

Mtihani wa mgeni: waombe watu watatu wasiokuwa kwenye warsha, mlinzi wa geti, mpishi, yeyote, na mkubaliane nao mapema na kuwalipa muda wao. Kila mmoja aonyeshwe ukurasa sekunde 30, ufunikwe, aulizwe: "Unaambiwa ufanye nini?" Aliyechora haruhusiwi kufungua mdomo. Kwa kurasa 12 kila mgeni achukue nne, nusu saa inatosha.

MezaSita

Picha za mwisho: zima flashi, simama sambamba na karatasi, mwanga wa dirisha uwe nyuma yako. Andika namba kwenye kona ya kila karatasi kabla ya kupiga, vinginevyo jioni utakuwa na picha 24 usizojua ni za nani. Ukituma WhatsApp kama picha, inabanwa na maandishi ya kadi hayasomeki. Tuma kama faili, PDF moja kwa kila biashara.

Na angalia ramani hizo zimebeba nini. Watu huandika majina na namba za simu za wateja halisi, pamoja na madeni. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Waambie tangu asubuhi watumie "Mteja A", na usirushe picha kwenye kundi la watu wote.

pwani_ya_ziwa

Asanteni sana. Nimebadilisha: wanakuja wawili wawili, kamba inafungwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, rangi zinafungiwa mpaka chai. Mwezeshaji yuko mmoja. Anatosha kwa watu 24?

KalamuNene

Saa ya kwanza anatosha. Kwenye ramani ya oda hatoshi, hapo panahitaji mmoja kwa kila watu 12. Tafuta msaidizi mmoja anayejua biashara hata kama hajui kuchora, umpe meza tatu, na kazi yake iwe swali moja tu: "Mshale huu umebeba nini?"

dukakona

Na maka zikibaki zinahifadhiwaje, nasikia hukauka?

MezaSita

Zilaze, usizisimamishe kwenye kikombe. Kila kifuniko kisikike "tik". Mwisho wa siku jaribu moja moja kwenye karatasi chakavu, na iliyokufa itupwe hapo hapo, isirudishwe kwenye boksi na nzima.